Kompyuta Iliyojifunza Kujaza Picha za Kati

Picha za katuni tuzionazo zikikimbia na kuruka hazina mwendo wowote ndani yake. Ni picha zilizosimama, ambazo hupita mbele ya macho 24 kila sekunde, na kwa kuwa kila moja hutofautiana kidogo na iliyoitangulia, jicho hudanganyika. Filamu ya dakika 11 tu huhitaji picha 15,840. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, kama ilivyo desturi ya wachoraji wengi, bado hubaki michoro 7,920 ya kuchorwa kwa mkono.

Ndiyo maana studio kubwa ziligawa kazi. Mchoraji mkuu alichora hatua za maana: mkono ukiwa chini, kisha mkono ukiwa juu. Wasaidizi walijaza picha za kati, siku nenda siku rudi. Mwaka 1969 Nestor Burtnyk, wa Halmashauri ya Taifa ya Utafiti ya Kanada, alihudhuria mkutano huko California, akamsikia mchoraji wa studio ya Disney akiueleza utaratibu huo. Akajiuliza kama kompyuta haiwezi kuifanya kazi ya msaidizi. Aliporudi Ottawa alishirikiana na mwenzake, Marceli Wein, kutunga programu.

Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Kila mstari hugeuzwa kuwa mfululizo wa nukta. Ikiwa nukta moja iko sm 2 kulia na sm 3 juu katika mchoro wa kwanza, na katika wa pili iko sm 10 kulia na sm 7 juu, basi nusu ya safari itakuwa sm 6 kulia na sm 5 juu. Ni wastani tu, unaorudiwa kwa kila nukta.

Sasa chora mkono wa sm 10 uliosimama wima kutoka begani, kisha uuchore umelala kuelekea kulia. Ncha ya kidole imetoka (0, 10) ikafika (10, 0). Wastani ni (5, 5). Kwa kanuni ya Pythagoras, urefu wa mkono hapo ni kipeuo cha pili cha 50, yaani kama sm 7.1. Mkono umepungua karibu sm 3 njiani, halafu unarefuka tena! Msaidizi aliye mgeni kazini asingekosea hivyo, kwa sababu anajua mkono ni kitu gani. Kompyuta ilijua nukta tu.

Peter Foldes, mchoraji mzaliwa wa Budapest (1924–1977) aliyefanya kazi Uingereza na baadaye Ufaransa, hakuukimbia udhaifu huo. Alichagua kisa ambacho maumbo yake yanapaswa kuyeyuka. Programu ililinganisha mistari kwa mpangilio wa kuchorwa kwake: mstari wa kwanza wa picha moja uligeuka kuwa mstari wa kwanza wa picha ifuatayo, uwe wa pua au wa kiti. Kwa hiyo ilimpasa kuamua mapema kila mstari utakwenda wapi. Baada ya jaribio lake la 1971, Metadata, alitoa La Faim, yaani Njaa, mwaka 1974, kwa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada.

Mtu anaanza kula kwa kiasi. Tamaa inamzidi, anavimba, anameza kila kitu. Mwishowe umati wa wenye njaa unamla yeye. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, mataifa yalikutana Roma katika Mkutano wa Chakula Duniani, huku Sahel ikiwa imepigwa na ukame wa miaka kadhaa. Kwa maoni yangu, mistari ile yenye kuyumba, ambayo fundi angeiita kasoro, ndiyo itishayo zaidi. Filamu ilipata tuzo ya majaji huko Cannes, ikateuliwa pia kushindania Oscar.

Mwaka 1976 Burtnyk na Wein walichapisha njia bora zaidi: mchoraji husogeza kiunzi cha mistari michache, na mchoro mzima hukifuata. Mwaka 1997 walitunukiwa tuzo ya ufundi na taasisi itoayo Oscar.

Darasani, jaribuni hivi: mmoja achore samaki na mwingine jani, kila mmoja kwa nukta 12 zilizopewa namba, kisha mtafute wastani. Halafu geuzeni mpangilio wa namba za jani, mhesabu upya, na mtazame samaki anapita njia gani.