MALI BILA DAFTARI

Watu wengi wakisikia neno rushwa hufikiri habari ya noti iliyokunjwa na kupenyezwa mkononi mwa karani. Hiyo ni rushwa kweli, lakini iko nyingine isiyopita mbele ya macho yako hata siku moja, nayo huumiza zaidi. Ni mifuko ya saruji iliyoandikwa kwenye karatasi wala haikufika kwenye jengo. Ni dawa ya zahanati iliyokwenda kuuzwa dukani. Ni bomba nene lililolipiwa, likafukiwa jembamba. Katika makala hii nataka kueleza kwa nini rushwa ya namna hii ni ngumu kukamatwa, na ni kazi gani iliyo ya raia wa kawaida, hapa Handeni na Korogwe, katika kuizuia.

Sheria za kupiga vita rushwa si jambo geni nchini mwetu. Mwaka 1963 ilitungwa sheria iliyomfanya mla rushwa afungwe gerezani na kuchapwa viboko 24: 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Ikafuata sheria ya mwaka 1971, na mwaka 1975 kikaundwa kikosi maalumu cha kuzuia rushwa. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilichunguza kero hii na kueleza jinsi ilivyokuwa imeenea. Sheria tuliyo nayo sasa ni ya mwaka 2007, iliyoanzisha TAKUKURU. Kwa sheria hiyo mtoaji na mpokeaji wote wawili ni wakosaji.

Basi, kama viboko na magereza vilikuwapo zamani, mbona rushwa haikwisha? Sababu ni hii. Mwizi wa kuku ana adui, naye ni mwenye kuku. Asubuhi akihesabu akaona mmoja hayupo, atapiga kelele. Lakini wala rushwa ni wawili, wote wamefaidika, wala hapana kati yao atakayekwenda kushitaki. Mwenye mali ni umma, nao umma haujui kwamba umeibiwa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni mwenye mali kuijua mali yake. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tukaao bwenini twalifahamu vizuri jambo hili. Unga ukipimwa mbele ya kiranja na kuandikwa, kila mtu ajua umeingia kiasi gani na umetoka kiasi gani. Usipopimwa, hata mtu mwaminifu hawezi kujitetea.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1991 hadi 1995 Serikali ya Uganda ilikuwa ikitoa fedha kwa kila mwanafunzi wa shule za msingi. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba, kwa wastani, shule zilipata shilingi 13 tu katika kila shilingi 100 zilizotolewa. Zilizobaki ziliishia njiani, mikononi mwa wakubwa wa wilaya. Ndipo Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufika mwaka 2001 zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zikifika shuleni. Kulikuwa na mabadiliko mengine pia, lakini tangazo lilisaidia sana, maana mzazi aliyesoma gazeti aliweza kumwuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu aliweza kuuliza wilayani.

Hapa kwetu nako tumeona jambo la kufanana. Mwaka 2021 Serikali ilipotangaza ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000 nchini, ilisema wazi kwamba kila chumba kimetengewa shilingi milioni 20. Neno hilo moja lilimpa kila mzazi kipimo. Aliyeiona nyufa katika sakafu mpya aliweza kuuliza milioni 20 zimekwenda wapi. Kadhalika, shule inapojenga kwa mafundi wa mahali, huundwa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Maana yake ni kwamba anayenunua saruji siye anayeipokea. Walakini kamati hizi zina faida pale tu wajumbe wanapohesabu mifuko kwa macho yao, si kutia sahihi nyumbani.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekipa kila kijiji Mkutano Mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mkutano huu hukutana kila miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapopaswa kusomwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri zetu kila mwaka, lakini hawezi kukaa Kabuku au Magoma akihesabu matofali. Anayeweza ni mkazi wa pale. Akinyimwa habari anazostahili kupewa, Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yampa haki ya kuziomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30.

Ikionekana kwamba mali imeliwa, yafaa taarifa ifike TAKUKURU. Ofisi zao ziko wilayani, na simu namba 113 hupigwa bila malipo. Taarifa nzuri hueleza nini kimetendeka, wapi, siku gani, kwa kiasi gani, na nani aliona.

Hapa twafika kwenye ugumu wenyewe. Vijijini kwetu mtendaji aweza kuwa mjomba wako, na fundi akawa mtani wako. Anayetoa taarifa huitwa mfitini, na wengine huogopa kutengwa msibani. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Sheria ya mwaka 2015 imewekwa ili kumlinda mtoa taarifa mwenye nia njema, na jina lake lisitajwe ovyo. Lakini sheria haiwezi kubadili maneno ya kisimani; hayo twabadili wenyewe. Tofauti ya fitina na taarifa ni kwamba mfitini husema asichokiona, ili amwangushe mtu asiyempenda. Mtoa taarifa husema alichokiona, kwa wenye kazi ya kuchunguza, kisha huwaachia wapime. Asiye na hatia hana cha kuogopa daftari; humsafisha.

Sisi wanafunzi wengi hatujatimiza miaka 18, lakini tunaweza kuwasomea wazazi wetu karatasi zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo tukiwa likizoni, na kujiunga na klabu za wapinga rushwa. Yatupasa pia kujua kwamba mwenye mamlaka anayedai mapenzi kwa ajili ya maksi au kazi anatenda rushwa ya ngono, nayo imekatazwa na sheria ile ile ya 2007. Anayedaiwa hivyo si mkosaji, wala hana sababu ya kunyamaza.

Ibara ya 27 ya Katiba yetu yasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali ya umma. Haikusema kila mkubwa, bali kila mtu. Basi Mkutano wa kijiji ujao, mzazi, nenda ukasikilize hesabu. Zisiposomwa, simama uulize.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne