Kahawa, Miraa na Deni la Usingizi

Katika baraza za Pwani ya Kenya, kikombe cha kahawa chungu na kibunda cha miraa hukusudiwa kutenda kazi moja: kufukuza usingizi. Hata hivyo, ndani ya ubongo mimea hii miwili hufuata njia tofauti kabisa.

Seli za ubongo huwasiliana kwa kupelekeana kemikali. Seli moja huitoa kemikali, nayo huvuka upenyo mwembamba na kunasa kwenye kipokezi cha seli ya pili, mfano wa ufunguo katika kufuli. Miongoni mwa kemikali zinazonasa hivyo ni adenosini, ambayo hurundikana kadiri mtu anavyokaa macho na kuleta uchovu. Kafeini iliyomo katika kahawa inafanana nayo kwa umbo. Huingia katika kufuli la adenosini bila kulifungua, ikauzuia ufunguo halisi usiingie. Uchovu basi haujaondoka, umenyamazishwa tu.

Miraa nayo ina kathinoni, kemikali iliyotambuliwa mwaka wa 1975. Kimsingi, hii haizibi kipokezi, bali huzisukuma seli kumwaga dopamini na noradrenalini zilizohifadhiwa ndani yake. Dopamini huchangia ule uchangamfu ambao vijana huuita 'handas', ilhali noradrenalini hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Aidha, kathinoni haidumu: jani likinyauka, hugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo sababu wakulima wa Nyambene huifunga miraa kwa majani ya mgomba na kuisafirisha upesi. Wazee wa Kimeru, ambao tangu jadi huitumia katika posa na vikao, walijua thamani ya jani bichi kabla ya maabara kueleza kiini chake.

Ni dhahiri kwamba hakuna kati ya mimea hii unaoongeza nguvu mpya. Kahawa huficha deni la usingizi; miraa hukopa kutoka akiba ya ubongo wenyewe, na aghalabu handas ikiisha hufuatwa na unyong'onyevu. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu hukopa kwa riba kubwa zaidi. Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Kwa mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani, malipo hayo ni kulala.