Kilo za Juma la Kwanza Huenda Wapi?

Leo tutajibu swali ambalo huulizwa sana kliniki: kwa nini mtu akianza kupunguza chakula ili apunguze mwili, kilo nyingi huondoka haraka juma la kwanza, halafu mizani inakwama?

Nianze na mama mmoja aliyemleta kliniki mtoto wake wa miezi saba, ambaye bado ananyonya. Arusi ya dada yake ilikuwa mwezi uliofuata na nguo ilikuwa imeshashonwa. Basi akaacha ugali, chapati, wali na viazi, akawa anakula matunda na mboga peke yake. Juma la kwanza alipungua kilo tatu. Akafurahi, ploti nzima ikajua. Juma la pili alipungua nusu kilo. Juma la tatu mizani haikusonga. Akadhani mwili umekuwa mkaidi, akaacha na chakula cha mchana pia. Siku chache baadaye, akiwa amebeba mtungi wa maji, alishikwa na kizunguzungu akaanguka. Bahati nzuri mtoto alikuwa ameachwa ndani na shangazi yake.

Mama huyu alikuwa na bidii sana. Lakini hakuna aliyemweleza zile kilo tatu zilikuwa kitu gani. Sikiliza kwa makini, mama.

Ukila ugali, mwili huugeuza kuwa sukari. Sukari nyingine hutumika papo hapo, nyingine huwekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli. Kwa mtu mzima, akiba hiyo hufika karibu nusu kilo. Sasa, kila gramu moja ya akiba huwekwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Kwa hivyo nusu kilo ya akiba hushika kilo moja na nusu ya maji. Jumla ni kilo mbili.

Ukipunguza chakula ghafla, hasa ugali, chapati na wali, mwili hufungua akiba hiyo kwanza. Ndani ya siku chache inapungua sana, na maji yake hutoka kama mkojo. Figo nazo huachilia chumvi na maji zaidi. Ndiyo maana mtu huona anaenda haja ndogo mara kwa mara siku za mwanzo. Tumbo pia limebeba chakula kidogo kuliko kawaida. Sisi tunaonunua maji kwa mitungi tunajua kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kilo tatu za mama yule ilikuwa maji. Mafuta yaliyoondoka yalikuwa kidogo.

Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1912, mjini Boston nchini Marekani, mtafiti Francis Benedict alimpima kila siku mtu aliyefunga kula kwa siku 31. Uzito ulishuka kwa kasi zaidi siku za mwanzo, kisha ukashuka polepole.

Je, mafuta yenyewe huondoka kwa kasi gani? Chakula hupimwa nguvu yake kwa kalori. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kwa juma umepunguza 3,500. Hiyo haifiki hata nusu kilo ya mafuta. Kwa hivyo ukipungua nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, unaendelea vizuri. Mizani inapoanza kwenda polepole juma la tatu, usiogope na usijinyime zaidi. Maji yameshapungua, na sasa ni mafuta yanayoondoka.

Vivyo hivyo, ukila chapati Jumapili na Jumatatu upate umeongeza kilo moja, usikate tamaa. Akiba imejaa tena na maji yake yamerudi. Mafuta hayajengeki kwa usiku mmoja.

Hatari iko pale mama anapoona mizani imekwama, akaamua kushinda njaa. Mwili ukikosa chakula cha kutosha huanza kula misuli yake. Nguvu zinaisha, kichwa kinauma, hedhi yaweza kuvurugika. Kupungua kwa haraka mno pia kunaweza kuleta vijiwe kwenye kifuko cha nyongo.

Kuna watu ambao hawafai kujaribu bila kuongea na daktari au muuguzi. Mama mjamzito asijinyime chakula ili akonde. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida, kwa hivyo apungue polepole sana. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano akiacha kula, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Anayemeza dawa za presha aulize kwanza. Naye mtoto, hata akiwa mnene, usimpangie njaa wewe mwenyewe, mlete kliniki.

Jihadhari pia na majani ya chai, kahawa na vidonge vya kukondesha vinavyouzwa stejini na kwa simu. Vingi hukuharisha tu, na kuharisha ni kupoteza maji na chumvi, si mafuta. Vingine vimepatikana na dawa iliyofichwa ndani iitwayo sibutramini. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Basi mama afanye nini? Kwanza, apunguze vitu ambavyo mwili hautavikosa: soda, mandazi, chipsi, na sukari kwenye chai. Soda ya kawaida ya nusu lita ina zaidi ya vijiko kumi vya chai vya sukari. Pili, asiache ugali; apunguze kipande. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki, terere, managu au kabichi. Robo iwe maharagwe, ndengu, omena au yai, ili misuli ilindwe. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au viazi. Tatu, atembee kwa miguu nusu saa, siku tano kwa juma. Nne, ajipime mara moja tu kwa juma, asubuhi, kwa mizani ile ile. Apime na kiuno kwa tepu ya fundi wa nguo, kwa sababu kiuno chaweza kupungua hata mizani ikiwa imetulia.

Kabla sijamaliza, neno moja muhimu. Ikiwa unapungua na hujabadilisha chakula chochote, usifurahi, na usingoje. Kukonda pamoja na kikohozi, homa au jasho la usiku kwaweza kuwa kifua kikuu. Kukonda pamoja na kiu kali na kukojoa sana kwaweza kuwa kisukari. Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine pia hukondesha. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe. Magonjwa haya yana matibabu. Mtoto anayepungua uzito apelekwe siku hiyo hiyo.

Yule mama tulikaa naye, tukachora sahani yake kwenye karatasi. Akarudisha chakula cha mchana na kipande kidogo cha ugali, na maharagwe yakaongezeka. Kufikia arusi alikuwa amepungua kiasi tu, na fundi alilegeza mshono wa kiunoni. Alikwenda arusini akiwa na nguvu za kumbeba mtoto na za kucheza pia. Miezi iliyofuata aliendelea kupungua polepole, bila kuanguka tena.

Mwambie jirani uliyoyasikia leo. Ukiwa na swali, njoo nalo kliniki, hakuna swali la aibu. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.