Je, Wajua? Simu Haijui Kubembeleza

Je, wajua kwamba kichanga wa miezi tisa hafundishiki lugha na televisheni? Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao. Watoto wa Kimarekani walikalishwa na wasemaji wa Kichina, wakachezeshwa na kusomewa vitabu, mara 12 tu. Masikio yao yakaanza kutofautisha sauti za Kichina. Kundi jingine lilioneshwa wasemaji walewale kwenye skrini. Halikuambulia kitu. Basi bibi wa Mbozi Mission anayembembeleza mjukuu kwa Kinyiha ana kitu ambacho katuni haina, tena hahitaji bando.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019: chini ya miaka miwili, skrini haipendekezwi kabisa; kuanzia miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku. Mama anayeuza sokoni Tunduma huku mtoto akimng'ang'ania kanga atauona mwongozo huo mgumu, na simlaumu.

Je, wajua kwamba mwanga wa usiku humwumiza mtoto kuliko mkubwa? Watafiti wa Japani walionesha mwaka 2014 kuwa mwanga wa taa jioni hupunguza melatonini, homoni ya usingizi, kwa watoto wa shule ya msingi karibu mara mbili ya ilivyo kwa watu wazima. Mboni ya mtoto ni pana, na lenzi ya jicho lake bado ni angavu, kwa hiyo mwanga mwingi zaidi hupenya.

Mchana, mambo ni kinyume. Kisiwa cha Taiwan, ambako watoto wengi mno hawaoni mbali, kilianza mwaka 2010 kuzihimiza shule kuwatoa wanafunzi nje dakika 120 kila siku, kwa sababu mwanga wa nje, hata kivulini, huchelewesha tatizo hilo. Mtoto wa huku Mbozi anayekwenda shule kwa miguu katikati ya mibuni hupata dawa hiyo bure, asubuhi na jioni.

Na umri wa miaka 13 unaodaiwa na Facebook na TikTok ili kufungua akaunti? Haukupangwa na daktari. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kukusanya taarifa za watoto walio chini ya umri huo bila ruhusa ya mzazi. Australia imepandisha hadi 16, kuanzia Desemba 10, 2025. Ila kwetu simu ni ya baba na akaunti ni ya baba. Mtandao unadhani unamhudumia baba, kumbe aliyeishika ni wa darasa la pili.

Lakini tusiitupe simu kisimani. Mkoani Tanga, katika vijiji 170, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili katika shindano la XPRIZE lililofikia tamati mwaka 2019. Asilimia 74 hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, wasioweza walikuwa wamepungua kwa nusu. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua, na masomo yenyewe hayakuhitaji bando.