Kambale wa Mto Ugalla: Namna Avuliwavyo Usiku, na Wakati Upasao Kumwacha

Katika nchi ya Unyamwezi hakuna samaki ajulikanaye na watu wengi kama kambale. Hata mtu aliyezaliwa Tabora mjini, asiyepata kuuona mto mkubwa maishani mwake, amekwisha kumwona sokoni, mkavu, mweusi kwa moshi, amepangwa katika tenga. Lakini wengi wamlao hawajui tabia zake, na baadhi ya wamvuao hujua njia ya kumpata tu, wasijue sababu. Maelezo haya yamekusudiwa kuonyesha kwa nini kambale mkubwa huvuliwa usiku, na jinsi avuliwavyo, na hatari mbili zilizo katika kazi hiyo: moja ni ya mvuvi, na ya pili ni ya samaki mwenyewe.

Kwanza yafaa kuujua mto. Ugalla hukusanya maji ya nchi iliyo kusini na magharibi ya Tabora, ukaenda hata ziwa Sagara, na kutoka huko maji yake huingia mto Malagarasi, ambao humwagika katika Ziwa Tanganyika kusini ya Ujiji. Malagarasi ndio uliokuwa mvuko mkubwa wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Bwana Burton na Bwana Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, na mwanzo wa mwaka 1858 wakavuka Malagarasi kwa mitumbwi ya wenyeji, baada ya kulipa hongo. Wakati huo mtawala wa Uvinza aliitwa Mzogera, na mvuko ulikuwa na mkubwa wake. Chumvi ya Uvinza na samaki wakavu vilikuwa katika bidhaa zilizopita njia hiyo, maana ni vyakula viwezavyo kuchukuliwa mbali visioze.

Mito hii haina hali moja mwaka mzima. Wakati wa masika maji hufurika, yakafunika mbuga za nyasi pande zote mbili, hata mgeni asijue mto uko wapi. Lakini tangu mwezi wa Julai hivi maji hupungua, na Ugalla hukatika mahali pengi, ukabaki mabwawa marefu yaliyotengwa na mchanga na matope. Hapo samaki wote hukusanyika katika nafasi ndogo, na pamoja nao viboko na mamba. Ndiyo maana kiangazi ni wakati wa wavuvi, kama kilivyo pia wakati wa warina asali wa misitu ya miyombo.

Sasa tumtazame samaki. Kambale hana magamba. Ngozi yake ni ya utelezi, na kichwa chake ni kipana tena kigumu kwa mifupa. Macho yake ni madogo mno. Lakini kinywa chake kimezungukwa na sharubu 8, na sharubu hizo huonja na kupapasa, kama ulimi na vidole vyetu vilivyowekwa pamoja. Basi kwake giza si kizuizi. Mchana, jua likiwa kali na maji yakiwa meupe, hukaa chini penye kina, au katika mashimo ya kingo na mizizi. Jua likiisha kuchwa hutoka, akaja maji machache ya ukingoni kutafuta chakula: samaki wadogo, vyura, konokono, wadudu, matunda yaangukayo, na hata mizoga. Mtu atupaye ndoana adhuhuri katikati ya bwawa, akarudi mikono mitupu, asiseme kwamba bwawa halina kitu. Amebisha hodi wakati mwenye nyumba amelala.

Tena kambale ana jambo jingine la ajabu. Juu ya matamvua yake kuna kiungo chenye umbo la matawi ya mti mdogo, chenye damu nyingi, ambacho humwezesha kuvuta hewa ya juu. Kwa hiyo bwawa likichafuka na kupata joto hata samaki wengine wakafa, yeye huishi. Huja juu, akameza hewa, akazama tena. Usiku wa kimya mvuvi aliyezoea huisikia sauti hiyo, akajua samaki wako upande gani. Kwa kiungo hicho pia kambale aweza kutambaa juu ya nyasi mbichi kutoka bwawa moja hata jingine, akijisukuma kwa mkia na kwa miiba ya mapezi yake ya kifuani. Wapo waliopimwa wakaonekana kuwa na urefu wa mita 1 na nusu. Samaki wa namna hiyo si mchezo kumtoa majini.

Njia ya kwanza ya kumvua ni mshipi wa mkono. Mvuvi huchagua ndoana kubwa na mshipi wenye nguvu, akatia chubwi ili chambo kikae chini. Chambo chema ni kile chenye harufu: vipande vya samaki, nyungunyungu wengi pamoja, au utumbo wa kuku. Huko Ziwa Viktoria wapo watumiao hata kipande cha sabuni ya kufulia, na samaki huyu hukimeza. Sababu ni ile tuliyokwisha kueleza, kwamba kambale hatafuti kwa macho. Akishika, huanza kwa kugusagusa. Mwenye haraka akivuta hapo humkosa. Yafaa kungoja mpaka mshipi uende kwa nguvu, ndipo kuvuta.

Njia ya pili ni mshipi mrefu wa kutega. Kamba moja hufungwa katika vigingi viwili au miti miwili, na kutoka katika kamba hiyo huning'inizwa mishipi mifupi yenye ndoana, kila mmoja mbali kidogo na mwenziwe ili samaki wasisokotane. Hutegwa jua lingali juu, ikaachwa usiku kucha, ikatazamwa asubuhi kukipambazuka vizuri. Njia ya tatu ni mgono, uliosukwa kwa fito, ambao mlango wake huruhusu kuingia na kukataa kutoka. Hizi mbili zina faida ambayo wengi hawaihesabu: samaki huvuliwa usiku, na mvuvi hulala mbali na maji.

Iko pia desturi ya zamani ya kwenda na mienge katika maji machache na kumchoma samaki kwa mkuki. Ni kazi ya ustadi, nasi hatukatai, lakini humlazimu mtu kusimama majini gizani, na hapo ndipo tufikapo katika hatari ya kwanza.

Mamba naye huwinda usiku, na mahali pake ni pale pale, ukingoni penye maji machache, kwa kuwa huko ndiko samaki waendako na wanyama wanywako. Katika mwaka 1871 Bwana Stanley alipovusha wanyama wake Malagarasi, punda mmoja aliyeitwa Simba alikamatwa na mamba katikati ya mto, mbele ya watu wengi, akavutwa chini, wasiweze kumwokoa. Ikiwa punda aliyefungwa kamba na kuvutwa na wanaume alichukuliwa hivi, mtu mmoja peke yake gizani atafanyaje? Wahenga wamesema, tamaa mbele, mauti nyuma.

Basi mvuvi wa usiku ayashike haya. Asisimame ndani ya maji, wala asichutame karibu na maji. Akae nyuma hatua kadha, juu ya ukingo mrefu kama upo. Asikae mahali pamoja kila usiku, maana mamba hujifunza desturi za watu kama watu wajifunzavyo desturi za samaki. Asipasulie samaki pale pale anapovulia, wala kutupa matumbo katika maji ambayo akina mama watakuja kuchota asubuhi, damu huita. Asifunge mshipi katika mkono au kiuno chake, bali katika mti, kwa kuwa samaki aliyenaswa aweza kunyakuliwa na mamba, na mwenye kufungwa akaburutwa pamoja naye. Awe na mwenziwe, na taa. Taa ikimulikwa juu ya maji, macho ya mamba hung'aa mekundu kama makaa. Ayaonapo karibu, na aondoke, bila kujali samaki wanashika namna gani.

Kiboko ni hatari nyingine, wala si ndogo. Usiku hutoka kwenda kula nyasi, na kabla ya mapambazuko hurudi majini kwa njia zake, ambazo huonekana wazi katika kingo. Mtu akilala katika njia hiyo, au akisimama kati ya kiboko na maji, humfanya mnyama afikiri kwamba amezuiwa, naye hupita kwa nguvu. Kwa hiyo njia za viboko zitazamwe mchana, ndipo mahali pa kukaa usiku pachaguliwe. Na mtumbwi mwembamba wa gome, ufaao mchana katika maji yaliyotulia, haufai kabisa usiku katika bwawa lenye viboko.

Samaki akitolewa majini, na ashikwe nyuma ya kichwa, maana miiba ya mapezi ya kifuani ina meno kama msumeno, na kidonda chake huuma na kuvimba. Apigwe rungu kichwani, apasuliwe upesi, aoshwe, atiwe chumvi kama ipo, akabanikwe juu ya chanja kwa moto mdogo wenye moshi mpaka akauke ndani. Aliyekauka nje tu hupata funza njiani, na kazi yote ya usiku ikawa bure.

Hatari ya pili humpata samaki, na kwa njia yake hutupata sisi. Mvua kubwa za kwanza zinyeshapo, maji yakaanza kuingia mbugani, kambale wakubwa huondoka katika mabwawa wakaenda kwa makundi katika nyasi zilizofunikwa na maji machache. Huenda usiku, nao huenda kuzaa. Jike mmoja mkubwa aweza kuwa na mayai laki moja na zaidi. Huyaacha yameshikamana na majani, asiyalinde, akarudi mtoni. Maji yakiwa na joto, mayai huanguliwa baada ya siku moja au zaidi kidogo, na vitoto hukua katika mbuga, mahali penye chakula tele. Wengi sana huliwa na ndege, na vyura, na wadudu wa maji, na hata na kambale wenziwao.

Katika usiku huo wa kuzaa, kambale, ambaye mwaka mzima ni mgumu kupatikana, hupatikana na kila mtu. Mtoto aweza kumpiga kwa fimbo. Watu hutoka na mapanga, na mikuki, na vikapu, wakaziba vijito kwa uzio, na asubuhi kijiji kizima kina samaki. Husema, “Nisipomchukua mimi, jirani atamchukua.” Lakini na tufanye hesabu. Tuseme jike mmoja ana mayai 100,000, na katika kila 1,000 akapona mmoja tu. Hao ni samaki 100. Mtu aliyemwua jike huyo kabla hajazaa amepata kitoweo cha siku chache, akapoteza samaki 100 wa miaka ijayo. Ni sawa na mkulima alaye mbegu zake mlangoni pa shamba.

Wala hatusemi kwamba samaki wa mbugani wasiguswe kabisa. Mwisho wa masika, maji yarudipo mtoni, samaki wengi, wakubwa na wadogo, hubaki katika vidimbwi vinavyokauka. Hao wasipovuliwa watakufa au wataliwa na korongo. Kuwavua hao si hasara. Jambo la kushika ni moja: samaki aendaye mbugani na maji yanayopanda aachwe apite, aliyeachwa na maji yanayoshuka na achukuliwe.

Serikali nayo imeweka mipaka. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti, na hiyo sumu ni pamoja na utupa ambao wazee wengine waliutumia mabwawani. Huua wakubwa na wadogo bila kuchagua. Bonde la Malagarasi na Moyowosi, hekta 3,250,000, liliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya mapatano ya Ramsar ya kulinda nchi zenye maji, nalo lilikuwa la kwanza katika Tanzania. Tena pori la Ugalla, lililokuwa pori la akiba tangu mwaka 1965, lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Kwa hiyo atakaye kuvua na aulize kwanza kwa afisa wa uvuvi ni wapi na ni lini aruhusiwa, asije akapoteza nyavu zake na uhuru wake.

Lakini askari hawezi kusimama katika kila kijito usiku wa mvua ya kwanza. Walio karibu ni wazee wa kijiji, na walimu, na wavuvi wenyewe. Wakipatana kwamba baada ya mvua kubwa ya kwanza vijito viingiavyo mbugani havitazibwa kwa siku kadha, na kila mtu akamwona jirani yake ameshika neno hilo, basi ile hoja ya “jirani atamchukua” imekufa. Walimu nao wawaeleze watoto habari ya mayai na hesabu yake, maana mtoto mwenye fimbo leo ndiye mwenye mshipi kesho, na atavua katika mabwawa yale yale tutakayomwachia.