Ng'ombe wanapandwa lakini hawashiki mimba? Angalia madini kabla hujauza dume

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa mgeni kazini hapa Dodoma, mzee mmoja mwenye majike 20 ya zebu aliniita bomani. "Bwana mifugo, hawa wanapandwa, baada ya wiki tatu wanarudi tena kwenye joto. Hili dume zima kweli?" Nikamshauri aliuze, atafute jingine. Akauza. Msimu uliofuata mambo yakawa yale yale, na mzee amepoteza dume zuri.

Siku ile ile nilimwona ng'ombe anatafuna mfupa pembeni ya zizi, nikapita tu. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu.

Ng'ombe anayetafuna mifupa, udongo au matambara mara nyingi amepungukiwa madini, hasa fosforasi. Jike wa hivyo huchelewa kurudi kwenye joto baada ya kuzaa, na mimba inakuwa ya shida. Tena mifupa ya mizoga inaweza kuwa na sumu inayopooza na kuua.

Mbona majani yapo?

Hapa ndipo wengi tunakosea. Mvua ikinyesha malisho yanakuwa kijani, ng'ombe wananenepa, tunasema kila kitu kipo. Lakini kama udongo wako una fosforasi kidogo, na majani yatakuwa nayo kidogo. Magadi na chumvi ya jikoni haviongezi fosforasi, vinaongeza hasa sodiamu.

Hesabu ya mwaka

Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi. Ukitaka ndama kila mwaka, jike ashike mimba ndani ya siku 80 baada ya kuzaa. Joto linarudi kila baada ya siku 21, kwa hiyo akikosa mara mbili tu, mwaka umeharibika.

Fanya hivi

1. Anza kulisha madini miezi 2 kabla ya kuingiza dume, endelea miezi 2 baada ya hapo. Dume naye ale.
2. Soma lebo ya mfuko. Tafuta mchanganyiko wa ng'ombe wenye fosforasi asilimia 6 au zaidi, pamoja na shaba, zinki na seleniamu.
3. Kadiria gramu 80 kwa ng'ombe kwa siku. Ng'ombe 20 ni kilo 1.6 kwa siku, yaani kilo 48 kwa mwezi: karibu mfuko mmoja wa kilo 50.
4. Weka kwenye kihori chenye paa, karibu na maji. Madini yakilowa yanaganda, hawalambi.
5. Weka vihori viwili kama kundi ni kubwa, maana wababe huwafukuza wanyonge.

Tahadhari: kondoo wasilambe madini ya ng'ombe. Shaba inayomfaa ng'ombe inaweza kumuua kondoo.

Pia madini si dawa ya kila kitu. Kama ng'ombe wanatupa mimba, au wamekonda sana, au dume halipandi vizuri, ita mtaalamu apime kwanza. Ugonjwa wa kutupa mimba hautibiwi kwa kihori, na unaambukiza hata binadamu.

Yule mzee? Tulianza madini mapema msimu wa tatu, na majike mengi yakashika. Bado ananitania: "Bwana mifugo, dume langu utanilipa lini?"