Mgawo wa Baharia wa Kibajuni

Ndugu askari, wewe hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Mvuvi wa Koyama, Chovai au Chula, visiwa vilivyo kusini ya Kismayo, hulipwa kwa mgawo: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na kinachobaki ndicho wagawanacho mabaharia. Bahari ikichafuka hakuna fungu, ila deni la unga dukani halisubiri.

Serikali ya Mogadishu ilipoanguka mwaka 1991, doria ilikoma. Meli za kigeni zikaja kuvua bila kibali, nani wa kuzizuia? Wabajuni wengi walikimbilia Kenya. Baadhi yao wakawekwa kambini Jomvu, Mombasa, wakingoja mgawo wa chakula badala ya ule wa samaki.